Hesabu inasema dakika moja, ukumbini watu wanasubiri ishirini. Nimekosea wapi?

MhasibuWaTawi

Wakuu, habari za muda huu. Kuna hesabu inanizungusha kichwa, naomba mwenye jicho kali anioneshe kosa.

Tawi letu la SACCOS lina madirisha 3 ya keshia, kila dirisha na foleni yake. Tunafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 10 jioni. Siku ya kawaida, siyo mwisho wa mwezi, wanaingia wanachama 210. Huduma nimeipima kwa saa: wastani ni dakika 4 kwa mtu. Kwa hiyo 210 gawa kwa saa 8 ni watu 26 kwa saa, na madirisha matatu yana uwezo wa kuhudumia 45 kwa saa. Nikaingiza namba hizo kwenye kanuni ya Erlang, ile ya kukadiria muda wa kusubiri kwenye foleni, ikanipa wastani wa kusubiri wa dakika 1 na sekunde chache.

Sasa njooni ukumbini saa 5. Nimehesabu waliosimama kila baada ya dakika 10, kuanzia saa 4 hadi saa 7, siku tano mfululizo. Wastani ni watu 14 kwenye foleni zote tatu, bila kuhesabu walio dirishani. Wanalalamika kuwa wanasubiri dakika 20 na zaidi, nami nawaamini.

Data nyingine: kati ya saa 4 na saa 7 wanaingia 120 kati ya wale 210. Asilimia 85 ni wa kuweka na kutoa fedha, wastani dakika 2.5 na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi muda unavyotawanyika kuuzunguka wastani) dakika 1. Asilimia 15 ni wa mikopo, wastani dakika 12.5 na mchepuko dakika 5. Mgawanyo huo ni uleule asubuhi na mchana.

Bodi inataka jibu moja tu: tuajiri keshia wa nne au la?

Hesabu_za_Foleni

Kanuni haina kosa, umeilisha namba isiyo yake. Umechukua mzigo wa saa tatu zenye watu ukautandaza juu ya saa nane, zikiwemo zile ambazo makeshia wanapiga soga. Watu 120 kwa saa 3 ni 40 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza. Saa 5 zilizobaki zina watu 90, yaani 18 kwa saa, na hizo hazikuhitaji hesabu yoyote.

Kwanza hakikisha malalamiko ni ya kweli. Kuna kanuni ya John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya wanaosubiri ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kusubiri. Haijali mgawanyo wa namna yoyote. Wewe una watu 14 na kasi ya 40 kwa saa, basi 14 gawa kwa 40 ni saa 0.35, sawa na dakika 21. Wanachama wako hawatii chumvi.

Sasa weka 40 mahali pa 26. Watu 40 mara dakika 4 ni dakika 160 za kazi katika kila saa, ukigawa kwa 60 unapata 2.67. Huo ndio mzigo: wateja hawa wanahitaji madirisha 2.67 yanayofanya kazi bila kuvuta pumzi, nawe unayo 3. Kila dirisha lina mtu asilimia 89 ya muda. Kwenye karatasi bado unaonekana una akiba ya asilimia 11, na hapo ndipo wengi wanapotegwa. Wateja hawaji kwa mpangilio na huduma hazilingani urefu. Dakika ambayo keshia alikaa bure saa 4:10 haiwezi kuwekwa akiba akaitumia saa 4:40 watu wanapoingia saba kwa mpigo.

Kwa Excel, bila programu yoyote ya ziada:

A2 watu kwa saa
B2 dakika za huduma
C2 idadi ya madirisha
D2 =A2*B2/60
E2 =POISSON.DIST(C2,D2,FALSE)/POISSON.DIST(C2,D2,TRUE)
F2 =E2/(1-(D2/C2)*(1-E2))
G2 =F2*B2/(C2-D2)

D2 ni mzigo. F2 ni uwezekano wa mtu kukuta madirisha yote yana watu, na G2 ni wastani wa dakika za kusubiri kwa wote, wakiwemo waliopita moja kwa moja. Ukitaka uwezekano wa mtu kusubiri zaidi ya dakika 10, ongeza H2 =F2*EXP(-(C2-D2)*10/B2). D2 ikilingana na C2 au kuizidi, usisome G2 kabisa: foleni inakua tu, haina wastani.

Ukiingiza 40, 4 na 3 utapata dakika 9.6, na asilimia 35 ya watu wanazidi dakika 10. Lakini hiyo ni hesabu ya foleni MOJA inayolisha madirisha matatu. Wewe una foleni tatu. Kila moja ikijitegemea kabisa, bila mtu kuhama, wastani ni dakika 32. Kwa kuwa watu wanahamahama wakiona dirisha jirani limepungua, uhalisia unaangukia katikati, na 21 yako iko hapohapo.

Sasa angalia hii, ndiyo ya kumpelekea mwenyekiti wa bodi. Zote ni kwa foleni moja, watu 40 kwa saa:

Madirisha 3, huduma dakika 4: kusubiri 9.6
Madirisha 4, huduma dakika 4: kusubiri 1.1
Madirisha 3, huduma dakika 3.5: kusubiri 3.2

Mstari wa tatu ndio wa kuukazia macho. Sekunde 30 kwa kila mteja zinaondoa theluthi mbili za kusubiri, na wanaozidi dakika 10 wanashuka kutoka asilimia 35 hadi 9. Kabla ya kuajiri, tafuta hizo sekunde 30.

(Erlang alikuwa Mdenmark katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Kanuni hii aliitoa mwaka 1917 kwa ajili ya laini za simu. Badala ya laini weka dirisha, hesabu haibadiliki.)

kaunta_namba_5

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Tatizo ni wa mikopo. Mtu mmoja anakaa dirishani dakika 12 wakati nyuma yake kuna kumi wanaotaka kutoa elfu hamsini. Watengee wa mikopo dirisha lao, haya mawili yabaki ya kuweka na kutoa, halafu nunueni mashine ya tiketi. Mchezo umekwisha.

Hesabu_za_Foleni

Mkuu @kaunta_namba_5, hilo ni wazo linalokuja haraka kwa kila mtu, na kwa tawi hili litavunja ukumbi. Piga hesabu kabla ya kubandika kibao.

Asilimia 15 ya watu 40 ni watu 6 kwa saa. Sita mara dakika 12.5 ni dakika 75 za kazi ndani ya saa yenye dakika 60. Dirisha la mikopo litaelemewa tangu saa ya kwanza, na kila saa litabakiza zaidi ya mtu mmoja. Ikifika saa 7 kuna watu wanne hivi kwenye foleni hiyo, na wa mwisho anaingoja zamu dakika 45 hadi 50. Huku madirisha mawili ya jirani yana dakika 85 za kazi kwa 120 zilizopo, yaani asilimia 71 tu. Watu wa mikopo watamwona keshia anajipepea, na wao hawaruhusiwi kumsogelea. Hapo usubiri ugomvi.

Kutenga dirisha kunafaa pale ambapo mzigo wa kila kundi unajaza madirisha yake vizuri, au huduma zinahitaji mtu mwenye ujuzi au mamlaka tofauti. Vinginevyo unapoteza faida ile ile unayoipata kwa kuunganisha foleni: dirisha lolote lililo wazi linamchukua mtu wa mbele.

Kinachofaa ni kuwatoa watu wa mikopo dirishani kwa sehemu ya kazi yao. @MhasibuWaTawi, zile dakika 12.5 zinakwenda wapi? Zivunje vipande.

MhasibuWaTawi

Asanteni sana. Nimekaa na keshia mmoja leo asubuhi nikazivunja. Kwa mtu wa mkopo: kukagua fomu na kurudishiana kwa sababu imekosewa, kutafuta sahihi za wadhamini, kulinganisha kitambulisho cha NIDA na hati ya mshahara, jumla dakika 5 hadi 6. Zilizobaki ni kuingiza kwenye mfumo, kusaini na kulipa.

Kwa mtu wa kawaida, wengi wanajazia hati ya kuweka fedha palepale dirishani, na kalamu ni moja imefungwa kwa kamba.

Halafu nilisahau kusema mambo mawili. Makeshia wanakula kuanzia saa 6, mmoja baada ya mwingine, nusu saa kila mmoja. Na mtandao hukatika, siyo kila siku, lakini ukikatika ni dakika 15 au 20.

Ukumbi ni mita 6 kwa 5. Wazee na wajawazito tunawapitisha mbele, na vijana wananung'unika.

Hesabu_za_Foleni

Ungeanza na hilo la chakula!

Saa 6 hadi saa 7 watu bado wanaingia 40 kwa saa, wewe unabaki na madirisha 2 yenye uwezo wa 30. Hakuna kanuni ya kusubiri hapo, ni kutoa tu: watu 10 wanaongezeka kwenye foleni ndani ya saa hiyo, juu ya wale uliowakuta. Basi sehemu ya zile dakika 21 inatokana na ratiba ya wali maharage. Sogeza chakula kianze saa 7. Wa kwanza saa 7 hadi 7:30, wa mwisho anamaliza saa 8:30. Kwa watu 18 kwa saa, madirisha mawili yanatosha bila jasho. Makeshia wakisema saa 7 ni mbali, wapewe chai ya dakika 10 saa 3:30, kabla ya wimbi.

Mtandao: dakika 20 za kukatika saa 5 zinaacha watu 13 zaidi kwenye foleni. Uwezo wako ni 45 na wanaoingia ni 40, kwa hiyo unapunguza watu 5 kwa saa, na hao 13 watakwisha baada ya saa 2 na dakika 40. Ukishusha huduma hadi dakika 3.5, uwezo unakuwa 51 na foleni hiyohiyo inakwisha kwa saa 1 na dakika 10. Ndiyo maana tawi lenye akiba ndogo linaonekana lina "siku mbaya". Tukio la dakika 20 linaharibu mchana mzima.

Mikopo: afisa mikopo atolewe ofisi ya nyuma, akae na meza karibu na mlango kuanzia saa 4 hadi saa 7. Akague fomu, wadhamini, kitambulisho na hati ya mshahara, kisha agonge muhuri. Asiyetimiza arudi nyumbani kutoka mezani, asifike dirishani. Watu 6 mara dakika 6 ni dakika 36 kwa saa, meza haielemewi. Dirishani mtu wa mkopo anabaki na dakika 7 badala ya 12.5.

Jumla mpya: watu 34 mara 2.5 ni 85, watu 6 mara 7 ni 42, jumla dakika 127 kwa saa. Wastani wa huduma unashuka hadi 3.2 na kanuni inasema kusubiri ni dakika 1.8. Keshia ni walewale watatu.

Kanuni inadhani huduma zina mtawanyiko wa kieksponenti, yaani mchepuko sanifu sawa na wastani. Data yako ya sasa iko karibu mno: ukichanganya makundi mawili, mchepuko ni dakika 4.2 kwa wastani wa 4. Marekebisho yake ni hivi: chukua mchepuko gawa kwa wastani, zidisha kwa chenyewe, ongeza 1, gawa kwa 2, kisha zidisha na dakika za kusubiri. Kwako ni 1.04, haibadilishi kitu. Baada ya meza ya mkopo tofauti kati ya wateja inapungua, marekebisho yanashuka hadi kama 0.78, na 1.8 inakuwa 1.4.

Na kwa @kaunta_namba_5: hata hapo, ukitenga dirisha la mikopo, wa kuweka na kutoa wanasubiri dakika 1.5 na wa mikopo kama 10. Ukiwaacha foleni moja, wote ni 1.4. Yaani hata wale uliotaka kuwasaidia hawapati kitu.

kaunta_namba_5

Haya, nimenyoosha mikono kwenye dirisha. Tiketi je?

Msimamizi_Ukumbi

Hapo kwenye tiketi niingie, maana mashine ya tiketi inauzwa kama dawa ya foleni wakati kazi yake ni kumruhusu mtu akae. Haiongezi keshia wala haipunguzi dakika. Tena ikiwekwa vibaya inaongeza.

Kinachoumiza ni mwendo. Dirisha linapokuwa tupu, muda kutoka kuitwa hadi mteja kuweka mkono kaunta ni sehemu ya muda wa huduma, japo hakuna anayeupima. Mpime mtu aliyekaa kiti cha nyuma: anasikia namba, anatazama karatasi yake, anainuka, anachukua mkoba, anatembea. Sekunde 10 ni kidogo. Ingiza kwenye Excel ya mwenzangu hapo juu, huduma ya 4.17 badala ya 4, madirisha 3, watu 40. Kusubiri kunapanda kutoka 9.6 hadi 16.4. Sekunde kumi tu! Kwa hiyo foleni ya kusimama yenye mstari wa njano mita 2 kutoka kaunta, mtu mmoja akiwa tayari kwenye mstari, inaishinda mashine pale madirisha yanapokuwa matatu na ukumbi mdogo. Mkilazimika kutumia tiketi, kioo kioneshe namba inayoitwa na mbili zinazofuata, na watu wa namba hizo wasogee viti vya mbele.

Namba ikiitwa na mwenyewe hayupo, ita mara moja, subiri sekunde 10, pita. Akirudi anaingia baada ya anayehudumiwa sasa. Msimwambie akachukue tiketi mpya, huo ugomvi utakula dakika nyingi kuliko huduma yenyewe.

Sasa kamba. Ukumbi wa mita 6 kwa 5 unatosha. Foleni ya nyoka, njia tatu za mita 4, upana wa kila njia sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite na kwenye kona kigeuke (kona iachwe pana zaidi, mita 1.2). Mtu mmoja anachukua kama sentimita 60, njia tatu zinabeba watu 20. Nguzo si lazima ziwe za kununua. Bomba la chuma lenye kitako cha zege na kamba ya manila vinafanya kazi ileile. Mwingilio uelekee mlangoni na mtokeo uelekee madirishani. Na kamba ya njia ya mwisho iweze kufunguliwa, kwa sababu saa 8 mchana hakuna anayetaka kuzunguka nyoka mtupu kumfikia keshia aliyekaa bure. Watu wataruka kamba, na wakizoea kuruka saa 8 wataruka na saa 5.

Wanachama siku ya kwanza wataogopa, maana foleni moja ya watu 14 inaonekana ndefu kuliko tatu za watano watano. Bandika kibao sakafuni. Huduma ya dakika 4 kwa madirisha 3 inamaanisha mtu anatoka kwenye foleni kila sekunde 80. Kwa hiyo mwenye watu 7 au 8 mbele yake yuko dakika 10 kutoka dirishani. Weka alama hapo: "Kuanzia hapa, dakika 10". Mkishapunguza muda wa huduma, sogezeni alama nyuma. Kibao kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwepo, na kikikosea afadhali kikosee kwa kuzidisha.

Fomu na kalamu: meza ya kusimamia pembeni mwa mwanzo wa foleni, kalamu sita, mfano wa hati iliyojazwa umebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na mlinzi au mhudumu anayeuliza kila anayeingia, "Umeshajaza?" Mtu asiingie njia ya mwisho ya nyoka bila hati iliyojazwa. Hapo mtapata sekunde nyingi za bure.

Keshia asiinuke kati ya saa 4 na saa 7. Noti ndogo na sarafu za kuanzia zitolewe chumba cha fedha kabla ya saa 3:50. Keshia anayekwenda kuomba elfu mbilimbili saa 5 amefunga dirisha dakika 6, na mtu wa nje haoni sababu.

MhasibuWaTawi

Hii ya sekunde 80 nimeipenda. Na wazee? Kuna kijana aliniambia kila mzee anayepita mbele anamwongezea yeye dakika nyingi.

Hesabu_za_Foleni

Mwambie kijana aje na kikokotoo. Kuwapitisha watu mbele hakuongezi wala kupunguza jumla ya kusubiri iwapo muda wao wa huduma ni kama wa wengine. Kunaihamisha tu. Kwa hali yako ya sasa katika foleni moja, yenye wastani wa 9.6, tuseme wanaopitishwa ni 1 kati ya 10. Hao watasubiri dakika 1.2, na wengine wote watapanda hadi 10.5. Kijana amepoteza chini ya dakika moja na bibi ameokoa zaidi ya nane. Lakini wakiwa 4 kati ya 10, siku ya malipo ya wastaafu kwa mfano, kipaumbele hakina maana tena. Siku hiyo wawekee viti na muite kwa zamu.

Wapitishwe dirisha lolote linalofuata kuwa wazi, msiwatengee dirisha lao. Sababu ni ileile ya mikopo.

pwani_ops

Naongeza la mwisho wa mwezi maana hamjaligusa. Hapo kanuni ya Erlang iwekeni pembeni kabisa. Mshahara ukiingia, tuseme wanakuja 60 kwa saa kwa saa tatu na uwezo ni 45. Kila saa wanabaki 15. Saa 7 mna watu 45 kwenye foleni, na aliyeingia dakika hiyo atasubiri saa nzima. Baada ya hapo wakiingia 25 kwa saa, mnapunguza 20 kwa saa na foleni inakwisha saa 9 na robo alasiri. Chora mistari miwili kwenye karatasi, jumla ya walioingia na jumla ya waliohudumiwa, kila nusu saa. Umbali wa wima kati ya mistari ni idadi ya watu, umbali wa mlalo ni muda wa kusubiri. Bodi inaelewa mchoro huo kuliko fomula yoyote.

Na hapa ndipo keshia wa nne anapohitajika kweli: siku 4 au 5 za mwezi, saa 4 hadi saa 7. Hiyo siyo ajira. Mfundisheni karani wa mikopo au mhasibu msaidizi kukaa dirishani, awe na nywila yake na ukomo wake wa fedha kwenye mfumo, na droo yake ifungwe na kuhesabiwa peke yake. Msimwazime droo ya mwenzake, fedha zikipungua hamtajua pa kushika. Angalizo: madirisha 4 kwa dakika 4 ni uwezo wa 60 kamili, sawa na wanaoingia, kwa hiyo foleni bado itakuwepo. Madirisha 4 kwa dakika 3.5 ni 68, hapo mnapumua.

Siku hizo mikopo mipya isipokelewe asubuhi. Siku za kawaida pia mnaweza kuwapa wa mikopo miadi nje ya saa 4 hadi saa 7, lakini msiwarundike alasiri. Wale 18 wa asubuhi ukiwamwaga wote kati ya saa 8 na saa 10, ni dakika 112 kila saa juu ya 72 za watu wa kawaida, jumla 184 kwa madirisha yenye dakika 180. Umehamisha foleni tu, tena ukaipeleka saa ya kufunga hesabu. Watandaze saa zote tano zilizo tulivu, watatu au wanne kwa saa, na mzigo unabaki asilimia 65.

MhasibuWaTawi

Basi kwa bodi nitasema tusiajiri kwanza. Nianze na lipi? Nikibadilisha yote Jumatatu sitajua kilichosaidia.

Hesabu_za_Foleni

Chakula na foleni moja vianze wiki ya kwanza, havina gharama. Meza ya mkopo wiki ya pili. Kalamu na fomu unaweza kuanza kesho, hakuna atakayekuuliza.

Upimaji uwe uleule uliofanya: hesabu ya waliosimama kila dakika 10, saa 4 hadi saa 7, na idadi ya walioingia katika kila dakika 10 hizo. Siku 5 zinakupa vipande 90. Wastani wa walioingia kwa kila kipande utakuwa kama 6.7. Tafuta na mraba wa mchepuko wake. Ukikaribia 6.7, wanaingia kiholela na kanuni inafaa. Ukiwa 13 au zaidi, wanakuja kwa makundi, labda daladala inawamwaga pamoja au kazini wanapewa ruhusa saa moja, na kusubiri kutakuwa kama mara moja na nusu ya kanuni inavyosema. Usichanganye Jumatatu na Jumatano kwenye hesabu hiyo kama zinatofautiana sana, mchepuko utavimba bila sababu.

Mlinzi wa mlangoni naye apewe karatasi. Anayechungulia, akaona foleni, akaondoka, awekewe mstari. Hao hawamo kwenye 210 zako, na foleni ikipungua watarudi. Kwa hiyo usishangae wiki ya tatu ukihesabu 43 kwa saa badala ya 40.

Msimamizi_Ukumbi

Na kalamu, nunua dazeni mbili. Zitaibiwa.